Gari Tulilolikondesha

Temeke, Dar es Salaam
15 Februari 1955

Dada Auleria,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake mpelekee kabla hujaendelea kusoma, najua atakuwa amekaa karibu yako anangoja. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini kifua chake kimetulia na migomba imesimama. Mie huku mzima, ila joto linatuonea.

Mtoto amefika salama. Didas aliteremka kwenye treni na lile sanduku la marehemu baba kichwani, mkononi kifurushi cha senene ambacho nusu alikwisha kukila kabla ya Tabora. Nilimkumbatia hadi watu wakageuka kutazama. Hajanenepa hata kidogo, dada. Mtu mzima na leseni yake mfukoni, lakini ukimnyanyua ni kama unanyanyua koti.

Kazi amepata. Tajiri wangu, Mzee Mohamedraza, alimwambia alizungushe lori la gereji mara moja mtaani. Aliporudi akamwambia, "Kesho njoo na chakula chako." Basi yeye anaendesha lori, mie nanyoosha mabodi yaliyobonyea, na tunalala chumba kimoja uani kwa tajiri.

Sasa nikuchekeshe. Mzee ana mtoto anaitwa Mehboob, rika langu, mnene, mcheshi, tunaelewana sana. Ng'ambo ya Ukonga kuna kiwanja cha ndege kilichoachwa tangu vita, na Wazungu wamefanya chama cha kushindana huko kwa magari, Jumapili mojamoja. Kila gari linazunguka peke yake, wanapima kwa saa. Mwaka huu wamekubali Wahindi wachache, katika fungu la magari ya kawaida, yale ya kwenda nayo sokoni. Sharti gari lifike kwa miguu yake, lina namba na taa.

Mehboob hana gari la mashindano. Ana gari la nyumbani, dogo la kijivu, milango miwili, linalompeleka mama yake, Bi Gulbahar, msikitini. Akaniambia, "Proji, mashine kubwa baba hawezi kuninunulia. Lakini gari likiwa jepesi, mashine ile ile inakuwa kubwa." Neno hilo limenikaa kichwani. Kwa hiyo Jumamosi ya kabla ya mashindano tunatoa viti vya nyuma, zulia, bampa, jeki na tairi la akiba. Jumapili jioni tunarudisha vyote, Jumatatu Bi Gulbahar anapanda kama kawaida, hajui kitu. Jumapili iliyopita Mehboob alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Tulifurahi kama tumeoa.

Didas anawasalimu. Anasema ataandika mwenyewe. Tutaona.

Mdogo wako,
Projestus


Kamachumu, Bukoba
9 Machi 1955

Mdogo wangu Projestus,

Marahaba. Milele amina. Sie wazima, mvua tu imechelewa, na mama anakohoa asubuhi halafu mchana anasahau kama alikohoa. Watoto wa katekisimu wananisumbua vilevile. Tangu nimefiwa na mume nikarudi hapa nyumbani, naona kila mtoto wa kijiji ameamua kuwa wangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sababu mama hakuamini. "Wanatoa viti?" Wanatoa, mama. "Gari zima, halijaharibika?" Halijaharibika. "Sasa watu wanakaa wapi?" Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Jana kawaambia wanawake kisimani kwamba mwanawe wa pili analipwa na Mhindi ili aharibu magari mazuri.

Mie nilicheka, lakini nakuomba jambo. Yule Didas, baba alimwacha bado ana meno ya utoto. Nimemlea mie. Nimemtoa mkononi mwangu nikamweka mkononi mwako. Unamjua, ukimwambia ruka, anauliza akiwa hewani. Usimwache ajifunze mji kutoka kwa kila mtu. Na mwambie aandike, hata mstari mmoja wa uongo.

Mama anauliza kama huko mnapata ndizi. Usipojibu hili atakuja mwenyewe kwa miguu.

Dada yako,
Auleria


Temeke
24 Mei 1955

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama. Ndizi zipo, mwambie, lakini za huku ukizipika zinabaki zinakutazama. Sie wazima wote. Nisamehe kwa kukawia, ni kazi, na nikisema kazi sisemi ile ya tajiri.

Dada, sijui nianzie wapi. Lile gari tumelikondesha hadi halina cha kusema. Chini ya zulia sakafu ilikuwa imepakwa lami nene ya kuzuia kelele. Tuliipasha moto ikalainika, nikaikwangua kwa patasi, nikaenda kuipima kwenye mizani ya magunia ya kopra pale kwa jirani. Ilikuwa nzito kama mtoto wa shule! Basi nikaingiwa na uroho. Vioo vya milango tumeviondoa, tumetia vya plastiki vilivyotoka kwenye ndege za vita. Boneti nimeifua upya kwa bati jepesi la ndege hizohizo, kwa nyundo na mfuko wa mchanga, na nikwambie bila aibu, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Unainyanyua kwa vidole viwili. Kisha nikachukua keekee, nikaanza kutoboa. Kila chuma kisichobeba kitu, tundu. Chuma cha kiti, tundu. Mkono wa breki, tundu. Didas anapita jioni na lori lake, anasema, "Kaka, leo umekula kiasi gani?"

Siku hizi vitu havirudi vyote. Bi Gulbahar analalamika gari linavuma kama debe la kokoto, na siku ya mvua kubwa maji yalimpanda miguuni. Mehboob akamwambia magari yote yanazeeka hivyo. Mama wa watu akaamini. Siku ile ile akatuletea sahani ya pilau.

Mwezi huu Mehboob amekuwa wa tatu. Mzungu mmoja mwenye gari jekundu alimuuliza kwa nini hakuacha na milango nyumbani. Wenzake walicheka, nasi tukacheka, lakini Mehboob hakulala. Kesho yake akaja gereji akakaa juu ya tairi, akaniambia, "Proji, kwenye gari kumebaki kitu kimoja kizito. Mimi."

Ni kweli. Mehboob ni mtu wa biriani. Akajaribu kufunga kula, akaishia kuanguka dukani kwa kizunguzungu. Ndipo ikatokea, asubuhi moja tumekwenda kiwanjani mapema kujaribu, Mehboob akamrushia Didas funguo: "Hebu zungusha wewe, nione gari lingekuwaje likimpata mtu mwepesi."

Dada, ungemwona! Lori alijifunzia kwenye makorongo ya kwetu, basi pale kwenye lami pana alikuwa kama ameachiwa mbingu. Mehboob alitazama saa yake, akaitikisa, akamwambia arudie. Akarudia. Hakuna mtu wa chama kile, mwenye gari la aina yoyote, aliyewahi kuzunguka kwa muda ule. Mehboob alikaa chini akalia, sijui kwa furaha au kwa wivu.

Bila shaka Didas hawezi kuandikwa kwenye mashindano. Hakuna aliyeuliza, maana jibu kila mtu analo. Lakini kila siku ya mashindano anaendesha yeye alfajiri, anamwonyesha Mehboob wapi akate kona na wapi asiguse breki. Wazungu wanafika baadaye, sie tumekwisha kusimama kando na ndoo zetu za maji.

Mdogo wako mwenye furaha,
Projestus


Kamachumu
3 Julai 1955

Mdogo wangu,

Marahaba. Sie tunaendelea. Mama amepona kikohozi akapata goti.

Nilimsomea barua yako hadi pale Didas alipowashinda Wazungu, akaniambia nisimame nianze tena. Sasa kijiji kizima kinajua. Mama anapita kifua mbele kama kuku aliyeangua.

Mie sikukimbilia kufurahi kama yeye. Nina maswali yangu. Mzee Mohamedraza anajua kama Didas anaendesha lile gari? Hukuandika. Umeandika pilau, umeandika saa, hilo hukuliandika. Na kama jambo lenyewe ni la haki, kwa nini linafanyika kabla watu hawajaamka? Ukinijibu kwamba mji ndivyo ulivyo, nitajua huna jibu.

Habari njema sasa. Kasiani wa ng'ambo ya bonde amekubali posa yetu. Binti yake Adelina umemsahau, ulimwacha mdogo. Ni mrefu kuliko Didas, mchapakazi, na akicheka anaficha mdomo. Nilimuuliza kama anamtaka, akasema, "Yule wa gari?" Basi na yeye ameshasikia. Pombe ya lubisi imekwisha kupelekwa na mbuzi amekwisha kupokelewa. Didas aje Krismasi tumalize. Usimwombee ruhusa kwa kunong'ona. Mwambie tajiri wako waziwazi.

Dada yako,
Auleria


Temeke
20 Septemba 1955

Dada,

Shikamoo, na mama shikamoo. Wazima.

Didas nilimpa habari ya Adelina, akatoka nje akakaa karibu na tenki la maji peke yake, hakurudi hadi chakula kikapoa. Krismasi anakuja. Amekwisha kununua kitambaa cha suruali.

Uliuliza kama Mzee anajua. Hajui. Mehboob anasema atamwambia tukishinda, kwa sababu mzee akishikwa na furaha hasikii jambo baya. Mwezi ujao ndiyo siku kubwa ya mwisho wa mwaka wa chama chao.

Kuna jambo nimelifanya juzi, nikueleze. Nyuma ya viti vya mbele kuna chuma kinachopita kutoka ubavu huu hadi ubavu ule. Ni kizito. Mehboob alisema kitoke. Nikamwambia, "Hiki hapana, hiki ndicho kinachoshika gari lisijikunje." Akasema, "Viti vya nyuma havipo, kinabeba nini?" Nikamwambia tena hapana. Didas alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana, akasema kutoka kule, "Kaka, si ulisema umemaliza? Kumbe unaogopa." Tukacheka wote. Nikakikata.

Siku za kazi nakifunga kwa bolti, Jumapili nakitoa. Halafu nikaona pale sakafuni, springi za nyuma zinaposhikilia, bati lilikuwa la tabaka mbili. Nikatoboa na pale. Hakuna aliyenituma, dada. Nilikuwa nataka mizani ya kopra ishuke tena.

Pengine ni woga wa bure. Gari ni zuri sasa. Likipita linaimba.

Mdogo wako,
Projestus


Kamachumu
21 Novemba 1955

Projestus,

Sijui nikusalimu vipi. Kama u hai, marahaba.

Nimekuandikia Oktoba, hukujibu. Nimekuandikia mwanzo wa mwezi huu, hukujibu. Ijumaa akaja mjumbe wa boma na baiskeli. Mama alikuwa anamenya ndizi. Mjumbe akasimama pale pale kwenye migomba, hakutaka hata kukaa, akasoma: Didas mwana wa marehemu Adelard amekufa Dar es Salaam mwezi wa kumi katika ajali ya gari, gari hilo alikuwa ameliiba kwa mwajiri wake. Amekwisha kuzikwa. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mama hakulia. Alimaliza kumenya zile ndizi, akaziweka kwenye chungu, akakaa. Hajasema na mtu tangu siku hiyo, isipokuwa usiku anaita jina, na si lako.

Habari ilitangulia kufika kisimani kabla sijajifunga kitambaa cha msiba. Matanga walikuja watu wachache, wakakaa upande wa njia kama watu wanaongoja mvua ikatike. Kasiani amemrudisha mbuzi. Hakumleta mwenyewe, alimfunga kwenye mti wa mpakani.

Nakuuliza mambo matatu, na nataka nijibiwe na mdogo wangu, si na karani. Alikufaje? Ulikuwa wapi? Kwa nini nimeambiwa na mtu wa baiskeli?

Dada yako,
Auleria


Temeke
8 Desemba 1955

Kwa Dada Auleria,

Shikamoo. Pole kwa msiba uliotupata sote. Mpe pole mama.

Ni kweli ndugu yetu amefariki. Asubuhi hiyo nilikuwa nimelala. Inaonekana alichukua funguo za gari la tajiri bila ruhusa akaenda nalo kiwanjani, na huko likapinduka. Polisi walifanya uchunguzi. Alizikwa kwa heshima zote, padri alikuwepo, na Bi Gulbahar alitoa sanda. Mzee Mohamedraza amekuwa mwema kwetu, hakudai lolote kwa ajili ya gari.

Sikuandika mapema kwa sababu ya huzuni. Ni mapenzi ya Mungu. Tumwombee.

Mdogo wako,
Projestus


Kamachumu
2 Januari 1956

Projestus,

Nani ameandika barua ile? Mwandiko ni wako, lakini hata Didas alipokuwa na miaka saba akinidanganya juu ya sukari, alidanganya vizuri kuliko hivi.

Bila ruhusa? Ni nani aliyemrushia funguo? Umesahau kwamba ulinisimulia? Ulinisimulia kwa furaha, nami nikamsomea mama, naye akanisimamisha ili asikie tena. Sasa unataka nimwambie mama kwamba yale aliyoyasikia kwa masikio yake hayakuwa?

Ulikuwa umelala. Siku kubwa ya mwisho wa mwaka, gari ulilolifua kwa mikono yako, wewe umelala!

Sikulaumu kwa chuma, nikuambie ukweli. Watu wanakata vyuma, wanakosea, watu wanakufa. Hilo ningelilia nawe. Lakini mwenzako amelazwa ardhini na jina la wizi juu yake kama jiwe, na wewe ndiye mtu pekee chini ya jua unayeweza kulitoa. Adelina alikuja peke yake wiki iliyopita, akapalilia na mama hadi mchana, akaondoka. Hata yeye hakuamini kwamba ni mwizi. Yeye hajawahi kumwona akiendesha. Wewe umemwona.

Nenda kwa polisi ukaseme. Usiniandikie mpaka umesema.

Auleria, dada yako


Keko, Dar es Salaam
17 Aprili 1956

Dada,

Shikamoo, kama utaipokea. Sijui afya yenu na sina haki ya kuuliza.

Nimekwenda. Nilichelewa kwenda, na hilo pia nitakueleza, lakini niruhusu nianze na Didas.

Nilikuwepo. Tulikuwa watatu, yeye, mie na Mehboob mwenye saa. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza. Alizunguka mara ya kwanza akapunga mkono dirishani. Mara ya pili, kwenye kona ya mwisho, nilisikia mlio nikaujua kabla sijaona: bati linalochanika. Springi ya nyuma ilitoka sakafuni, pale pale nilipotoboa. Gari likakaa upande kama mnyama aliyevunjika mguu, likabingirika. Paa halikuwa na cha kulishika, dada. Lililala juu yake kama kofia. Nilikimbia. Boneti ilikuwa imerushwa mbali huko nyasini, haina hata mkwaruzo. Nilimtoa kwenye lile gari peke yangu. Alikuwa mwepesi vilevile. Aliniangalia, hakusema kitu chochote cha kukuletea. Ningependa kukuambia kwamba alisema.

Mehboob alipiga kelele, akakimbilia barabarani kutafuta baba yake. Wazungu walipoanza kufika na vikapu vyao vya chakula, polisi walikuwa wamekwisha kuja na mie nimempakata.

Mchana Mzee Mohamedraza alinikuta nimekaa uani. Alikaa chini, mzee yule, kanzu nyeupe kwenye mafuta. Alikuwa analia kweli, usidhani alikuwa anaigiza. Akasema, "Projestus, nani alikata kile chuma?" Nikasema mie. "Nani alitoboa sakafu?" Nikasema mie. "Nani alimpa funguo?" Nikasema Mehboob. Akasema, "Basi mtafungwa wawili. Mwanangu na wewe. Mama yako atabaki na nani? Marehemu hawezi kufungwa. Ukisema alichukua gari mwenyewe, hakuna mtu mwingine atakayeumia."

Nilitafuta kosa katika maneno yale sikuliona. Nilikuwa na damu yake mpaka kwenye viwiko na nilikuwa naogopa jela ya Ukonga. Ndiyo hivyo tu. Sikulazimishwa, sikuahidiwa kitu. Polisi waliponiuliza, nikasema nilikuwa nimelala, na kiwanjani nilifika kwa kusikia habari. Sajini aliyekuwa anatafsiri, jina lake Shomari, alitazama shati langu, akatafsiri hivyo hivyo nilivyosema.

Tulimzika Temeke. Mie, padri, wachimbaji wawili. Mehboob hakuja. Sanda kweli ilitoka kwa Bi Gulbahar, aliileta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, akaishika mikononi muda mrefu kabla ya kunipa. Sijui anajua kiasi gani.

Barua yako ya Januari niliikunja nikaitia mfukoni, nikafanya kazi nayo Februari yote. Mwezi Machi walimpeleka Mehboob ng'ambo kwa ndugu zao. Siku alipoondoka alikuja gereji, akasimama mlangoni, amekonda, dada, yule mtu amekuwa mifupa. Akasema, "Proji." Nikaendelea kupiga nyundo. Akaondoka. Jioni ile nilimfuata mzee nikamwambia nakwenda polisi. Hakugomba. Alisema tu nihamishe vitu vyangu kwanza, asije akasemwa kwamba amenifukuza kwa sababu hiyo.

Kituoni Sajini Shomari alinikumbuka. Nikamwambia, "Nimekuja kuandikisha kwamba nilisema uongo."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ndugu yangu. Hakuiba. Alipewa funguo, na gari nililiharibu mie."

"Ukiandikisha, unataka iweje?"

"Nifungwe. Na jina lake litoke."

Akaniingiza kwa bwana mkubwa. Yule Mzungu alisikiliza hadi mwisho, sitasema hakunisikiliza. Akauliza aliyetoa funguo yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akauliza gari liko wapi. Nikasema limekatwakatwa, limeuzwa chuma chakavu. Akauliza nani mwingine aliona. Nikasema hakuna. "Basi una nini?" Nikasema nina maneno yangu. Akavuta jalada, akaligonga kwa kidole, akasema, na Shomari akatafsiri: "Maneno yako tunayo tayari. Uliyasema Oktoba."

Hawakunifunga, dada. Nilikaa nje kwenye ngazi hadi askari wa zamu akaniambia niondoke, nazuia njia.

Sasa niko Keko, nagonga masufuria na ndoo kwa mtu mmoja. Gari siwezi kuligusa. Jana lilipita moja jipya, zito, nikasikia springi zake zinavyobeba, nikaingia ndani.

Ulisema nisiandike mpaka nimesema. Nimesema. Sijui limesaidia nini. Nataka kurudi nyumbani. Niambie kama naweza.

Mdogo wako,
Projestus


Kamachumu
20 Mei 1956

Projestus,

Barua yako imefika. Mama ni mzima wa mwili.

Nilimsomea yote. Pale pa mkono wa kupunga dirishani niliona ningeruka, sikuruka. Kisha Jumapili, watu walipotoka misa, nilisimama mbele ya kanisa nikawaambia kwamba mwanetu hakuwa mwizi, alipewa funguo, na aliyeona ni ndugu yake wa tumbo moja. Walinisikiliza kwa adabu. Kasiani ndiye aliyejibu, wala hakujibu kwa ubaya. Alisema, "Auleria, ndugu yake huyo huyo ndiye aliyewaambia polisi kwamba aliiba. Sasa tuchukue neno lake lipi, la kwanza au la pili?"

Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakanishika bega.

Adelina wameshamwoza, mbali, huko Muleba. Usimwandikie.

Umeuliza kama unaweza kurudi. Nilimuuliza mama. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama usoni tangu siku ya mjumbe. Akasema, "Nilizaa watatu. Mwambie aje." Kisha akaenda kuchuma majani ya kahawa yaliyokauka, kazi ambayo haina maana, na amekuwa akiifanya kila siku.

Basi mama amesema uje. Mimi sikusema. Masista wamenipa chumba misheni na nitakuwa nimehamia kabla meli yako ya ziwani haijafika. Mama ameanza kusahau moto jikoni, kwa hiyo uangalie. Goti lisuguliwe jioni kwa mafuta ya moto. Akiita jina usiku, usiitike, maana si wewe anayekuita. Mwache amalize.

Kitanda chako tulimpa mjomba ulipoondoka. Kilichopo ni cha Didas. Utalala hapo, hakuna kingine.

Auleria